Kanuni ya Chuma

Mwaka 2016 nilichukua msumeno wa umeme nikalikata boksi la besi la mjomba wangu, nikalipunguza karibu nusu. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa naisaidia kwaya.

Kwaya ya kigango chetu hapa Sumbawanga ilikuwa na shida moja ya kudumu: usafiri. Kila tulipoalikwa kuimba Laela au Matai, boksi la mjomba lilikataa kuingia kwenye Noah. Kwa ndani lilikuwa na urefu wa sentimita 80, upana 55 na kina 45, mninga mtupu, na kulinyanyua kulihitaji wanaume wawili wanaoelewana. Mwenyekiti wa kwaya alisema liuzwe. Mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni majuzi na kusoma mambo mengi kwenye simu, nikasema hapana, tuliboreshe. Nikapunguza urefu kutoka sentimita 80 hadi 45. Nikang'oa spika ya zamani ya inchi 15, ambayo koni yake ilikuwa imechanika, nikafunga sabufa ya gari ya inchi 12 kwenye uso mpya wa plaiwudi, sumaku nzito, na ubavuni maandishi ya kutisha: wati 1,200. Nikapaka rangi nyeusi. Likapendeza. Likaingia kwenye Noah.

Pasaka ile besi haikufika benchi la nne. Mpiga besi alizungusha vitufe vyote hadi mwisho; koni ikarukaruka kwa juhudi kubwa, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeongea chini ya blanketi. Katikati ya Utukufu amplifaya yetu ya wati 150 ikapata moto, ikajizima. Waimbaji wakamalizia na kinanda.

Mjomba alikuwa amekaa benchi la pili. Baada ya misa alinifuata nje.

"Mjomba," akaniita, maana sisi huitana hivyo, yeye na mimi, "zile mbao ulizokata umeziweka wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa nimetengenezea mlango wa banda la kuku.

"Haya," akasema, akaenda zake.

Angenigombeza ningesahau upesi. Ile "haya" ndiyo iliyonirudisha kwake, mwezi mmoja baadaye, nikiwa na daftari, kumwomba anisimulie boksi lile lilitoka wapi.

*

Ukiwauliza watu wa umri wake kuhusu muziki wa dansi watakutajia waimbaji na wapiga gitaa: Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajabu, Hemed Maneti, Muhidin Gurumo. Hakuna atakayekutajia boksi. Lakini historia ya dansi nchini mwetu, kwa sehemu kubwa, ni historia ya nani alimiliki vyombo. NUTA Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Bima Lee ya shirika la bima. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi, magereza nao pia. Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS, kisha 1983 ikahamia DDC. Mwanamuziki aliajiriwa; gitaa, amplifaya na spika vilikuwa mali ya mwajiri. Siku akihama bendi, alihama na vidole vyake tu.

Mfumo huo ulikuwa na sababu zake. Vyombo vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Shirika la umma liliweza kuomba kibali cha kuagiza. Kijana wa Ufipa hakuwa na pa kuombea. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa 1974, na makao yake makuu yalikuwa mji wa barabara za vumbi. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Tunduma, zaidi ya kilomita 200 kutoka kwetu, na kutoka hapo mzigo ulipanda lori. Kwa upande wa kaskazini, tawi la Reli ya Kati liliishia Mpanda. Kilichotoka Dar es Salaam kilifika kwetu kimechakaa, kimepanda bei, au hakikufika.

Kusini mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mbala, mji wa Zambia, uko karibu na sisi kuliko Mbeya. Wamambwe na Walungu wanaishi pande zote mbili za mpaka, na mpaka haujawahi kuwazuia kuzikana wala kuoana. Redio ya Zambia ilisikika uwandani vizuri, na katika miaka ya 1970 na 1980 ilipiga kalindula, muziki uliopata jina lake kutokana na besi ya kuchonga kwa mikono ya watu wa Luapula na kaskazini mwa Zambia. Vijana wa Sumbawanga walizoea kusikia muziki ambao besi ndiyo inayoongoza, na wakaanza kutamani kuupiga.

Mjomba hakuwa mwanamuziki. Alikuwa seremala. Aliingia dansini bure kwa sababu alitengeneza viti vya ukumbi, na rafiki zake watatu walikuwa na bendi ndogo yenye magitaa ya kuazima na amplifaya moja ya wati 60. Mwaka 1982 alikwenda Mbala na magunia ya maharage, akarudi na spika moja ya inchi 15, isiyo na boksi, lebo yake imefutika. Kwa lugha ya wakati ule, hayo yalikuwa magendo.

Machi 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria maalumu ya kuwashughulikia. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka: usiku bidhaa zilitupwa mitoni na vichakani, sabuni, vitenge, redio, mtu asikutwe navyo. Mjomba alikuwa na spika moja tu. Hakuwa mlanguzi wa kuandikwa gazetini, lakini hofu haikuwa na mizani. Aliizungushia gunia, akaizika katikati ya kihenge cha ulezi cha bibi yangu.

Ilikaa humo zaidi ya mwaka. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Bajeti ya Juni mwaka huo ikalegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana amezipata wapi. Maduka yakaanza kujaa tena. Mjomba akangoja mavuno yaishe kihengeni, akaitoa spika yake.

*

Spika bila boksi ni kitu cha kusikitisha. Koni ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huohuo inavuta hewa ya nyuma. Kwa sauti nyembamba si tatizo kubwa. Kwa sauti nzito, hewa ya mbele huzunguka ukingo na kuijaza ile nafasi ya nyuma, na zote mbili hufutana. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi kubwa hivyo halizuiwi na ubao mdogo. Ndiyo maana unajenga boksi: kuzitenganisha hewa hizo mbili.

Ukilifunga boksi pande zote, nguvu yote ya nyuma inapotelea ndani. Ukiacha tundu la kipimo sahihi, hewa iliyomo tunduni hufanya kazi kama koni ya pili: inatetema pamoja na hewa ya ndani na kuongeza sauti palepale spika inapoanza kuchoka. Ni jambo lilelile linalofanya chupa ilie unapopuliza mdomoni pake. Albert Thuras wa maabara za Bell, Marekani, alipata hataza ya boksi la namna hiyo mwaka 1932. Lakini kipimo sahihi kilibaki kuwa suala la kubahatisha hadi Neville Thiele, mhandisi wa Australia, alipoandika hesabu zake mwaka 1961. Ulimwengu haukuzisoma sana hadi zilipochapishwa upya Marekani mwaka 1971, na Richard Small akaziendeleza. Tangu hapo fundi yeyote mwenye vipimo vya spika anaweza kukokotoa boksi kabla ya kugusa randa.

Mjomba hakuwa na hesabu za Thiele. Alikuwa na mninga, gundi, misumari, na spika iliyotoka kwenye ulezi.

Alilijenga boksi kubwa kwa sababu aliyoieleza kwa kifupi: "Amplifaya ilikuwa ndogo." Mbele, chini ya spika, alitoboa matundu mawili, na kila tundu akalivika mrija wa bati aliokunja mwenyewe, upana wa sentimita 15, urefu wa 25. Alipolilaza boksi chali na mpiga besi akaanza kupiga, punje chache za ulezi zilizokuwa zimejificha kwenye mikunjo ya koni zikatoka, zikaanza kucheza. Mjomba akaona kitu. Kwa noti nyingi ziliruka juu. Lakini mpiga besi aliposhuka chini kabisa, zilitulia, ingawa sauti haikupungua.

Alichokiona ndicho wahandisi wanachokitafuta kwa mashine. Kwenye noti ambayo boksi limepangiwa, hewa ya tunduni ndiyo inayofanya kazi, na koni karibu husimama. Mjomba akachota ulezi zaidi jikoni kwa bibi. Akachukua mkasi wa bati na penseli. Kila alipopunguza mirija, noti ya utulivu ilipanda. Mirija ikiwa sentimita 20, punje zilitulia waya ukiwa wazi. Kwenye 17, zilitulia fireti ya kwanza. Kwenye 14, fireti ya pili. Akapunguza zaidi kwenye mrija wa majaribio, na hapo waya wazi ukaanza kupoteza uzito na koni kupepesuka. Akarudi kwenye 14, akapigilia.

Nilipoandika habari hizi sikuziamini zote. Miaka imepita, wazee hupenda kuipamba. Nikaenda kwenye banda la kuku. Upande wa ndani wa mlango, chini ya kinyesi kilichokauka, kulikuwa na penseli ya fundi, mwandiko wa mjomba: 20, wazi. 17, moja. 14, mbili. Nikakaa nayo usiku ule na hesabu za Thiele: boksi la lita karibu 200, matundu mawili ya sentimita 15. Majibu yangu yalitofautiana na yake kwa milimita chache.

Nilikuwa nimekata maabara.

*

Kosa langu lina jina. Wajenzi wa spika wanaliita Kanuni ya Chuma ya Hofmann, kwa kumtaja J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH iliyoundwa Marekani mwaka 1957. Inasema hivi: kuna mambo matatu unayoyataka kwenye boksi la besi, yaani lishuke chini sana, liwe dogo, na litoe sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili. La tatu utalilipia.

Spika za jukwaani za inchi 15 zina koni nyepesi ya karatasi, na nyingi hutoa desibeli 97 hadi 100 kwa wati 1, ukisimama mita 1 mbele yake. Sabufa ya gari ina koni nzito iliyotengenezwa ishuke chini ndani ya boksi dogo, na mara nyingi hutoa desibeli 85 hadi 88. Tofauti ya desibeli 12 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kila desibeli 3 ni kuzidisha nguvu mara mbili. Desibeli 12 ni mara 16. Ili sabufa yangu ifikie sauti ya spika ya mjomba kwa amplifaya ya wati 150, nilihitaji wati 2,400. Zile wati 1,200 zilizoandikwa ubavuni, ambazo mimi nilizisoma kama sifa, zilikuwa kiasi cha umeme ambacho spika ile ingemeza.

Na umeme kwetu ni jambo la kuhesabia. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme wake kutoka Zambia, na kabla ya hapo dansi na misa za usiku ziliendeshwa kwa jenereta. Vijana wenye wati 60 hawakuwa na chaguo: walichonacho kingi kilikuwa mbao na nafasi, walichonacho kidogo kilikuwa nguvu. Kwa hiyo walijenga kubwa. Mimi niliyazaliwa na umeme ukutani nikadhani ukubwa ule ulikuwa ushamba.

Mfipa hakupaswa kufundishwa kanuni hii na Mmarekani. Ukitembea uwandani, kwenye mashamba na mapori ya mbali na barabara, bado utakuta mabaki ya malungu, tanuu za udongo ambazo babu zetu waliyeyushia mawe ya chuma. Ilungu moja lilifika mita 3 kwenda juu, na chini lilizungukwa na matundu ya kuingizia hewa. Halikuwa na mivukuto. Urefu wake wenyewe ndio uliofanya kazi: hewa ya moto ilipanda, hewa baridi ikaingia yenyewe kwa chini, na moto ukawaka kwa muda mrefu bila mtu kuupuliza. Chuma ghafi kilichotoka humo kilihamishiwa kwenye kitengwe, tanuu dogo lisilofika hata kiunoni, ili kisafishwe kabla ya kwenda kwa mhunzi. Kitengwe kilikuwa kidogo, kwa hiyo kilihitaji mivukuto, na mivukuto ilihitaji wanaume wa kuisukuma bila kupumzika. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914, na Greig, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1937.

Kisayansi, ilungu na boksi la besi ni vitu viwili. Katika tanuu hewa inapita. Katika boksi inatetema mahali pamoja. Lakini hesabu ya gharama ni ileile. Jenga kubwa, hewa itakufanyia kazi. Jenga dogo, utafute wa kusukuma. Majembe ya Ufipa yaliuzwa mbali na yalitolewa mahari, kisha yakaja majembe ya dukani, mepesi na rahisi, na malungu yakaachwa yaote majani. Hakuna aliyeyabomoa kwa chuki. Watu waliona tu kwamba yamepitwa na wakati, kama nilivyoona mimi nikiwa na msumeno mkononi.

*

Tulilijenga upya mwaka 2019, mjomba akiwa amekaa kwenye kigoda, mimi nikifanya kazi. Niling'oa mlango wa banda la kuku, nikausugua kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Vipande vya mninga nilivirudisha mahali pake, nikavishikiza kwa gundi na papi za mbao kwa ndani, skrubu kila sentimita 10. Kovu la msumeno bado linaonekana pande zote nne, na mjomba alikataa nilifunike kwa rangi.

Hatukurudisha kila kitu kama zamani, maana hata yeye hakutaka. Uso wa mbele tuliutengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, mbili zimegandishwa pamoja, kwa sababu ubao wa zamani ulikuwa umepinda kuzunguka spika. Ndani niliweka mihimili miwili kuzuia ubavu usitetemeke; ukigonga ubavu wa boksi ukalia kama ngoma, ujue unaiba sehemu ya besi. Viungo vyote nilivipitisha gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, kwa sababu upenyo mdogo tu wa hewa hupiga miluzi na kuharibu kazi ya tundu. Mirija ya bati iliyooza niliibadilisha kwa mabomba ya plastiki ya upana uleule. Chini tukafunga magurudumu manne. Spika ya zamani, iliyokuwa juu ya kabati la bibi, niliipeleka kwa fundi wa Mbeya akaiwekea koni mpya na koili mpya. Sumaku ni ileile iliyolala kwenye ulezi mwaka 1983.

Amplifaya pia ni ileile, ya wati 150, iliyojizima Pasaka.

Siku ya majaribio nilileta simu yangu yenye programu ya kutoa mlio wa kipimo chochote. Mjomba akaiangalia, kisha akamtuma mwanangu jikoni kwa ulezi. Tukalilaza boksi chali uani. Mpiga besi, kijana wa miaka 20 ambaye hajawahi kusikia habari za wahujumu uchumi, akaanza kupiga waya mnene, fireti moja moja, akishangaa kwa nini wazee wanamwaga nafaka kwenye spika. Waya wazi, punje zikacheza kidogo. Fireti ya kwanza, kidogo zaidi ya hapo chini. Fireti ya pili, zikatulia, na madirisha ya nyumba yakaanza kutetemeka.

Mjomba akatoa penseli sikioni. Akainama kwa shida, akaingiza mkono kupitia tundu moja, akaandika kitu ndani, kwenye ubao, bila kuona.

Boksi haliingii kwenye Noah. Tukialikwa Matai tunakodi kirikuu, na mwenyekiti wa kwaya hulalamika kuhusu nauli njia nzima hadi tufike na tuwashe.